Sura ya Sita: VCD ya Harusi Kwenye Deki ya DVD

Picha iliyomo ndani ya VCD tayari ni picha halali kwa DVD. Kanuni za DVD zilipotolewa mwaka 1996, waliozitunga waliacha nafasi kwa picha ya aina ile ile iliyokuwa ikitumiwa na VCD, kwa ukubwa ule ule na idadi ile ile ya fremu kwa sekunde. Kinachokataliwa ni sauti, pamoja na namna filamu ilivyofungashwa. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Mtu anapelekewa VCD ya harusi ya mwaka 2004, anaitia kwenye programu ya kwanza aliyoipata, kompyuta inakesha ikiibana upya filamu ambayo haikuhitaji kubanwa, na asubuhi uso wa bibi harusi umekuwa viboksi. Mwenye harusi anaambiwa kwamba diski yake ilikuwa ya zamani mno. Si kweli. Diski ilikuwa nzima, na kilichoiharibu picha ni ile kazi ya usiku kucha.

Kazi njema hapa ni ya kugusa kidogo: kuitoa filamu salama, kuirekebisha sauti, kuifungasha upya kwa kanuni za DVD, basi. Lakini kabla ya kuingia kwenye kompyuta, tujue kwanza tunaokoa nini.

Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Kanda za video zilikuwa zimeshaingia majumbani kabla ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kuona watu wa kawaida wa Tanga, Moshi au Mbeya walivyovaa, walivyocheza na walivyowaaga wafu wao, asitegemee sana maktaba ya kituo cha televisheni. Aende kwa mama mdogo, afungue kabati lenye seti ya vikombe vya wageni, atazame nyuma. Humo ndimo ilimo historia yetu ya picha: harusi, sendoff, kipaimara, maulidi, mahafali, arobaini ya babu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa wingi zaidi miaka ya 2000, kumbukumbu hizo zilihama kutoka kwenye kanda kwenda kwenye VCD. Mpiga video alirekodi kwa kanda, akahariri, akachoma diski mbili au tatu za sherehe moja, na mara nyingi kanda yenyewe ikaenda kurekodi sherehe ya Jumamosi iliyofuata. Ile VCD iliyobaki kwenye kava la nailoni, imeandikwa "Harusi 1" kwa kalamu ya wino mzito, haina nakala nyingine popote.

Pamoja na hizo za familia kuna zile zilizouzwa: kwaya za sharika, vikundi vya taarab, filamu za Kibongo zilizokuwa zikitoka sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, mihadhara ya dini. Nyingi hazikuwahi kutolewa tena kwa namna nyingine. Mwenye nakala moja iliyo hai anaweza kuwa ndiye mwenye nakala ya mwisho.

VCD ilizaliwa mwaka 1993, Philips, Sony, Matsushita na JVC walipokubaliana kanuni zake. Walitumia CD ile ile ya muziki, ila badala ya muziki mtupu wakaweka picha iliyobanwa kwa njia iitwayo MPEG-1, iliyokuwa mpya kabisa wakati huo. Mwaka huo huo kampuni ya Wanyan ya mji wa Hefei, China, ikatengeneza deki ya kucheza diski hizo. Marekani na Ulaya hawakuzijali sana. Walibaki na kanda hadi DVD ilipofika. Asia ndiko zilikoshamiri, na kwetu zikaja kwa sababu zile zile zilizowavutia Waasia. Diski tupu ilikuwa rahisi, deki zilikuwa rahisi, na kwenye joto na unyevu wa pwani diski haioti ukungu upesi kama utepe wa kanda. Bandarini na visiwani sababu hiyo ya mwisho pekee ilitosha.

Picha ya VCD ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo, fremu 25 kwa sekunde, kwa nchi zilizofuata mfumo wa PAL kama Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani kimo ni nukta 240. Picha inachukua kilobiti 1,150 kwa sekunde, sauti kilobiti 224. Diski ya kawaida inabeba dakika 74, na ndiyo sababu harusi moja ilihitaji diski mbili, na ndiyo sababu keki hukatwa kwenye ya kwanza na zawadi hutolewa kwenye ya pili.

Sasa ingiza VCD kwenye kompyuta uifungue. Utaona mafolda yenye majina kama VCD, SEGMENT, EXT, CDI na MPEGAV. Filamu imo kwenye MPEGAV, kwa jina la AVSEQ01.DAT. Kama kuna nyimbo kadhaa, kuna AVSEQ02, AVSEQ03 na kuendelea. Hilo faili la DAT ndilo watu wanalolinakili kwenye flashi au kulichoma kwenye DVD tupu wakitumaini litacheza, na deki inawajibu kwamba haina diski. Deki haina kosa. Ikitiwa DVD, inatafuta folda la VIDEO_TS na mafaili yake ya IFO na VOB. Ikitiwa CD, inatafuta mpangilio wa VCD. DAT iliyokaa peke yake kwenye DVD si hiki wala si kile.

Kuna pia tatizo la pili lililofichika zaidi. CD imegawanywa katika sekta za baiti 2,352. Kwenye CD ya mafaili ya kawaida, baiti 2,048 tu za kila sekta ndizo zinazobeba mzigo. Zilizosalia ni alama na ulinzi, na ndani ya ulinzi huo mna baiti 276 zinazomwezesha msomaji kurekebisha makosa. Waliobuni VCD walitaka nafasi, wakazitoa baiti hizo 276 kwa picha. Kila sekta ya VCD inabeba baiti 2,324 za filamu. Ndivyo dakika 74 zilivyoweza kuenea. Walijua kwamba herufi moja ikipotea kwenye barua utaiona, lakini chembe ikipotea kwenye picha inayopita mara 25 kwa sekunde, jicho husamehe. Ulinzi wa kwanza, ule unaotumika hata kwenye CD ya muziki, bado upo, ila ule wa ziada haupo. Kwa hiyo VCD iliyokwaruzika huisumbua kompyuta kuliko CD ya mafaili yenye mikwaruzo ile ile.

Unaponakili AVSEQ01.DAT kwa njia ya kawaida ya Windows, kompyuta inachukua sekta nzima nzima, baiti zote 2,352, na kuongeza kichwa cha baiti 44 mwanzoni. Filamu inakuja kama shehena iliyofungwa kwenye vifurushi, kila kifurushi na karatasi yake ya anwani ya baiti 28 ambayo si picha wala sauti. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili kwa programu inayoonyesha baiti mbichi: herufi nne za kwanza ni RIFF, na baada ya baiti nne nyingine utasoma CDXA. Ukiziona herufi hizo, jua vifurushi bado havijafunguliwa.

Hapo ndipo unaposikia ushauri wa mtaani: badilisha tu jina, DAT iwe MPG. Kwa kutazama kwenye kompyuta, ushauri huo unatosha. VLC na programu nyingine za kuchezea huziruka karatasi za anwani na kuendelea. Hata baadhi ya deki zenye tundu la flashi hukubali. Lakini programu ya kutengeneza DVD ikikutana na baiti 28 za kigeni kila baada ya baiti 2,324, moja itagoma, nyingine itakubali kisha sauti ianze kupishana na midomo taratibu, mpaka kwenye risala shemeji anaonekana ameshakaa wakati sauti yake bado inaendelea. Fungua vifurushi kwanza. VCDGear inafanya kazi hiyo na hiyo tu: unaipa DAT, inakurudishia MPG safi, na inaweza kurekebisha makosa madogo ya mfuatano njiani. Kwa wanaotumia Linux kuna vcdxrip, iliyo ndani ya mkusanyiko wa VCDImager, nayo inasoma moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Ukiwa bado unayo diski yenyewe, usianzie kwenye faili. Anzia kwenye diski, na anza kwa kuitunza. Ifute kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski unafunika data nyingi zilizopangana, ilhali unaoikata njia unagusa kidogo hapa na kidogo pale. Watu wengi huogopa upande wa chini unaong'aa na kuudharau upande wa juu wenye maandishi. Kwenye CD ni kinyume. Chini kuna plastiki ya unene wa karibu milimita 1.2 ikilinda. Juu kuna rangi nyembamba tu, na chini yake moja kwa moja ndipo ilipo tabaka inayobeba data. Kalamu ya bolpeni iliyoandika jina kwa nguvu imeshatoboa VCD nyingi. Stika iliyobanduliwa kwa kucha inaweza kuondoka na vipande vya harusi. Na ile dawa ya meno ambayo kila mtaa una bingwa wake, iweke mbali hadi njia nyingine zote zishindikane. Inasugua plastiki, na diski ambayo haina nakala si mahali pa kujifunzia kusugua.

Kisha chukua nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta. ImgBurn itakupa mafaili mawili, BIN na CUE, na VCDGear inaweza kuitoa filamu kutoka humo. Angalia usitengeneze ISO. ISO huhifadhi baiti 2,048 za kila sekta, na VCD, kama tulivyoona, ina 2,324, kwa hiyo utapata majina ya mafolda yote na filamu isiyochezeka. Nimewahi kupokea diski ngumu iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, kila sherehe na ISO yake, kila ISO na tarehe yake, na VCD zenyewe zimeshagawiwa watoto wachezee. Lililoniuma zaidi ni uangalifu ule.

Kama kompyuta inakwama kusoma, punguza kasi ya kusoma. Ikishindikana, badilisha kisomaji; vile vya kompyuta za mezani za zamani mara nyingi vina subira kuliko vile vyembamba vya kompyuta mpakato. IsoBuster inaweza kuruka sekta zilizokufa na kujaza utupu mahali pake, ukapoteza nusu sekunde ya picha badala ya filamu nzima. Na ikiwa kompyuta zote zimekataa, jaribu deki ya kawaida ya sebuleni. Deki imetengenezwa isonge mbele hata pale inapokosa, ilhali kompyuta imetengenezwa isimame ikubali kwamba imekosa. Deki ikicheza, hata kwa kurukaruka, unaweza kuunganisha nyaya zake za njano, nyekundu na nyeupe kwenye kifaa cha kunasia picha na kuirekodi upya. Ubora unashuka, ndiyo, lakini mzee aliyeonekana mara moja tu akitoa nasaha anabaki kuonekana.

Mama mmoja aliniletea VCD za kwaya yake kwenye mfuko wa kitenge. Nilikuwa nimeinamia kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wameniambia wewe unaziweka zote kwenye moja."

"Naziweka mama. Ziko ngapi?"

Akazipanga mezani moja moja, akizishika kwa ukingo kama mtu aliyefundishwa. Zilikuwa sita, na kava la mojawapo lilikuwa limeshikana na diski kwa joto. Akauliza swali ambalo wote huuliza: "Zitakuwa safi kama za siku hizi?"

"Zitakuwa vile vile zilivyo mama. Hazitapungua."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema wawili kati ya waimbaji wa sauti ya kwanza wameshatangulia mbele za haki, na kwamba vile vile zilivyo ndivyo anavyotaka.

Jibu lile lina hesabu nyuma yake. Picha ya VCD ina nukta 101,376. Picha kamili ya DVD, nukta 720 kwa 576, ina nukta 414,720, mara nne na zaidi kidogo. Anayeikuza ya kwanza iwe ya pili anailazimisha programu ibuni nukta tatu kwa kila moja iliyopo, na hakuna programu inayojua kope za bibi harusi zilikuwaje. Kisha picha hiyo iliyokuzwa lazima ibanwe tena. Kubana kwa MPEG ni kutupa: kila inapobana, inatupa ilichodhani jicho halitakiona. VCD ilishatupa mara moja, tena kwa ukali, na ikaacha vivuli vya viboksi kwenye sehemu zenye mwendo. Mbanaji wa pili hajui kwamba vivuli hivyo ni makosa. Anavichukulia kama sehemu ya picha, anatumia nguvu zake kuvihifadhi, na kutupa vingine vya kweli ili navyo vipate nafasi. Ndivyo shela na vimulimuli vya ukumbini vinavyogeuka matope.

Na yote hayo hayana haja, kwa sababu kanuni za DVD zinaruhusu picha ya MPEG-1 ya nukta 352 kwa 288, hadi kilobiti 1,856 kwa sekunde. VCD ina 1,150, imo ndani kabisa ya mpaka. Deki yenyewe ndiyo itakayoikuza ijae kwenye televisheni wakati wa kucheza, kama ilivyokuwa ikifanya siku zote kwa VCD.

Sauti ndiyo iliyo nje. VCD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, urithi wa CD ya muziki. DVD inataka 48,000. Tofauti hiyo haivumiliki: sauti ya VCD ikichezwa kana kwamba ni ya DVD itakwenda mbio karibu asilimia tisa, sauti za besi zitapanda, na deki nyingi zitaamua kunyamaza kabisa. Kwa hiyo sauti lazima ipimwe upya. Kuibana sauti upya mara moja hakuumizi kama kuibana picha, na sikio la kawaida halitatambua. Kwa FFmpeg, programu ya bure inayotumika duniani kote, kazi yote ni mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mpg -c:v copy -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -f dvd harusi_dvd.mpg

Soma mstari huo polepole, maana ndiyo roho ya sura hii. Sehemu ya kwanza inataja faili la MPG ulilolipata baada ya kufungua vifurushi. Maneno "-c:v copy" yanaiamuru programu ichukue picha ilivyo, isiguse hata fremu moja. Yanayofuata yanaibadilisha sauti kuwa aina ya AC-3, kilobiti 192, vipimo 48,000 kwa sekunde. AC-3 ndiyo sauti ambayo deki za DVD huikubali bila kuuliza, ziwe za PAL au za NTSC. Mwisho, "-f dvd" inapanga upya mkondo wa data kwa vipande vya baiti 2,048, ambavyo ndivyo DVD inavyovitaka. Kwa kuwa picha haibanwi, harusi ya saa nzima huisha kwa dakika chache hata kwenye kompyuta ya zamani. Anayekwambia kazi hii inahitaji usiku kucha, muulize anafanya nini na picha yako.

Kuna mahali ambapo kubana upya hakuepukiki, na si haki kuficha. Diski za SVCD, zilizoanzia China mwaka 1998, zina picha ya MPEG-2 yenye nukta 480 kwa 576. Upana huo haumo kwenye kanuni za DVD. Baadhi ya deki hukubali kuzicheza hivyo hivyo, lakini diski unayoitengeneza kwa ajili ya miaka ijayo haifai kutegemea huruma ya deki. Zikuze hadi 720 kwa 576 na uwe mkarimu: kilobiti 4,000 au 5,000 kwa sekunde kwa picha, ili mbanaji asilazimike kutupa. Vivyo hivyo kwa mafaili ya AVI na yale madogo ya 3GP kutoka simu za zamani. Lakini kwa VCD ya kawaida, na ndizo zilizo nyingi, ukarimu mkubwa ni kuiacha.

Sasa nafasi. DVD ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7. Kwa kasi ya VCD hiyo ni zaidi ya saa saba za picha. Zile diski sita za mama wa kwaya ziliingia zote kwenye moja, na nafasi ikabaki. Duka linalokuza kila kitu lingempa diski tatu, limtoze pesa za diski tatu, na picha iwe mbaya zaidi kuliko aliyokuja nayo.

Kupanga DVD yenyewe kunafanywa na dvdauthor, kwa wanaopenda kuandika amri, au DVDStyler, kwa wanaopenda kubofya. Kwenye DVDStyler tahadhari ni moja: programu ikiachwa yenyewe inaweza kubana upya kila unachokipa. Ingia kwenye sifa za kila filamu, tafuta pale panapotajwa muundo wa video, uchague kunakili. Uwiano wa picha uwe 4:3, kwa sababu ndivyo ilivyorekodiwa. Anayeunyoosha ujaze televisheni pana anawanenepesha ndugu zake wote. Usichanganye PAL na NTSC kwenye diski moja. Na filamu za ukubwa tofauti, kwa mfano VCD iliyoachwa ilivyo na SVCD iliyokuzwa, haziwezi kukaa kwenye seti moja ya filamu ndani ya DVD. Kila ukubwa upewe seti yake.

Menyu iwe nyepesi. Wateja wengi huomba muziki, maua yanayoanguka na picha ya maharusi ikizunguka, na mengi ya hayo huongeza sababu za deki ya zamani kugoma. Bibi aliyeshika rimoti anataka kubonyeza kitufe kimoja. Kinachofaa kuwekwa kwa ukarimu ni vituo vya kurukia: kuingia ukumbini, keki, shampeni, nasaha, zawadi. Familia haziangalii harusi tangu mwanzo hadi mwisho. Zinamtafuta mtu fulani.

Wakati wa kuchoma, chagua DVD-R ya jina linaloaminika, na kasi ya chini, mara nne au mara nane, hata kama diski inajigamba mara 16. Choma folda la VIDEO_TS kama DVD ya video, si kama diski ya mafaili, na uhakikishe programu inaifunga diski mwishoni, maana isiyofungwa husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa sebuleni. Kisha ijaribu kwenye deki kongwe kuliko zote unazoweza kuzipata. Ikicheza huko, itacheza kwingine.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini asichome tu VCD mpya, maana deki nyingi za DVD zilizouzwa kwetu hucheza VCD pia. Nyingi, lakini si zote. DVD husomwa kwa mwanga wa leza wa nanomita 650, CD kwa nanomita 780, na rangi ya kemikali iliyomo kwenye CD za kuchoma ilitengenezwa kwa ajili ya ule wa 780. Chini ya leza ya DVD rangi hiyo hairudishi mwanga wa kutosha. Deki yenye leza moja tu, hasa za miaka ya mwanzo, huiona CD ya kuchoma kama diski tupu, ingawa ile iliyochapwa kiwandani inaisoma vizuri. Hilo ndilo jibu la fumbo ambalo limegombanisha mafundi na wateja kwa miaka mingi: VCD ya filamu ya dukani inacheza, ya harusi inakataa.

DVD uliyoitengeneza nayo itazeeka, kwa hiyo lile faili la MPG lililotoka VCDGear, kabla sauti haijaguswa, lihifadhi kwenye diski ngumu mbili zisizokaa nyumba moja. Pembeni yake weka faili dogo la maandishi lenye majina. Kaa na mtu mzima wa familia wakati filamu inacheza, umwandike anapotaja: yule mwenye kilemba cha bluu ni nani, mshenga alikuwa nani, nyumba ile ya nyuma ilikuwa ya nani. Kazi hii inachukua muda mrefu kuliko kazi yote ya kompyuta niliyoieleza, na ndiyo inayoahirishwa zaidi.

Linabaki suala la ndugu walio mbali. Kwa aliye Muscat au London hakuna shida: huko pia televisheni zilifuata PAL, na DVD ya nyumbani haifungiwi eneo la dunia kama zile za makampuni makubwa ya filamu. Kwa aliye Toronto au Minneapolis, deki ya huko ni ya NTSC na aghalabu hukataa PAL, ilhali za kwetu kwa kawaida hukubali zote mbili. Wengine humgeuzia harusi yake iwe NTSC, fremu 25 zilazimishwe kuwa karibu 30, na hapo picha lazima ibanwe upya na mwendo wa watu uanze kushtukashtuka. Mimi simfanyii hivyo. Namtumia DVD ile ile ya PAL, pamoja na faili la MPG kwa intaneti, na namwambia aicheze kwenye kompyuta kwa VLC, ambayo haijali mfumo wa nchi yoyote.